Mdudu, Kimelea na Usugu: Istilahi za Magonjwa Yaenezwayo na Wadudu

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache zitumikazo katika habari za magonjwa ya vimelea yaenezwayo na wadudu, pamoja na juhudi za kuyapatia dawa zilizo bora. Mifano yetu mingi imetoka Arusha na nchi iuzungukayo Mlima Meru. Mji wa Arusha, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hauna malaria nyingi. Lakini msafiri akiteremka kwenda Bonde la Ufa hufika Mto wa Mbu, mahali ambapo jina lake latosha kuwa maelezo. Isitoshe, Ngaramtoni karibu na Arusha ndiko ilikokuwako Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu (TPRI), iliyoundwa kuwa shirika la taifa kwa sheria ya mwaka 1979. Kazi zake sasa zimo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020.

1. Mdudu na kimelea

Katika zahanati nyingi mgonjwa aliyepimwa damu huambiwa kuwa "ana wadudu". Nyumbani huambiwa kuwa wadudu wa malaria ni mbu. Neno moja limebeba viumbe viwili: yule aumaye na yule aingiaye katika damu. Mtu aliyechanganyikiwa hivyo aweza kudhani kuwa kupuliza dawa chumbani kunamtibu, au kuwa kumeza vidonge kunamkinga asiumwe.

Yafaa basi neno *kimelea* litumike kwa kiumbe kiishicho ndani ya mwili wa kingine na kujilisha humo. Anayekichukua kutoka mwili mmoja hadi mwingine aitwe *mwenezi*. Mbu ni mwenezi wa malaria. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ni mwenezi wa malale. Faida ya neno *mwenezi* ni kwamba halimlazimu mfasiri kuamua kama kiumbe huyo ni mdudu. Kupe, aenezaye ndigana kali katika ng'ombe wa wafugaji, ana miguu minane, na wanabiolojia hawamhesabu kuwa mdudu, ijapokuwa katika mazungumzo ya kila siku twamwita hivyo.

2. Dawa na kiuatilifu

Kiswahili hutumia neno *dawa* kwa tiba ya mgonjwa, sumu ya panya, na hata rangi ya viatu. Matumizi hayo ni ya asili wala hatuna haja ya kuyapiga vita. Lakini katika maandishi ya serikali na ya shule, *kiuatilifu* kina mahali pake: ni kemikali iuayo viharibifu na wadudu waenezao magonjwa, wala si ya kunywewa. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya kudumu vya aina hiyo mwaka 2003. Wananchi huviita "vyandarua vyenye dawa". Katika mwongozo wa matumizi, hata hivyo, ni afadhali kuandika "vyenye kiuatilifu", ili mama ajue kwa nini mtoto asikinyonye chandarua.

3. Usugu

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Mgonjwa husema ana "malaria sugu", akimaanisha homa imrudiayo mara kwa mara. Mtafiti husema mbu wana usugu dhidi ya kiuatilifu. Daktari husema vimelea vina usugu dhidi ya dawa. Mambo hayo ni matatu, na kila moja lina hatua zake.

Tena asili ya neno yaweza kupotosha. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mkulima; hutokea kwa mtu mmoja kwa mazoea. Usugu wa vimelea hauji kwa mazoea ya mwili wa mgonjwa. Miongoni mwa vimelea vingi, vichache vina maumbile yanayovistahimilisha; dawa huua vingine, hivyo vichache vikabaki na kuzaana. Ndivyo klorokwini ilivyoshindwa, Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na kutumia SP, kisha mwaka 2006 ikachagua dawa mseto.

Istilahi *dawa mseto* ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Kila mpishi ajua kuwa mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Katika vidonge hivyo, artemetha huua vimelea upesi na kutoka mwilini upesi. Lumefantrini hukaa muda mrefu na kumaliza vilivyosalia. Artemetha hutokana na artemisinini, iliyopatikana China mwaka 1972 katika mmea wa jamii ya pakanga, kazi iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka Kagera: baadhi ya vimelea vilichelewa kutoweka katika damu baada ya artemisinini, ingawa karibu wagonjwa wote walipona. Hali hiyo tunapendekeza iitwe *usugu kiasi*. Mfasiri akiiandika "malaria sugu", wasomaji wataacha dawa ambayo bado inatibu.

4. Dawa mpya ya malale

Mwaka 2001 baadhi ya watalii waliotembelea Serengeti na Tarangire waliambukizwa malale. Kwa miongo mingi ugonjwa huo ulipofika kwenye ubongo ulitibiwa kwa sindano za melarsoproli, yenye aseniki, iliyoweza kumwua mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2023 feksinidazoli, ambayo humezwa, ilipata idhini ya wataalamu wa Ulaya kwa malale ya Afrika Mashariki, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda. Neno *kujaribiwa* lafaa kuelezwa kila litumiwapo: si kubahatisha, bali ni kupima kwa utaratibu na kwa ridhaa ya mgonjwa.

5. Mapendekezo

(a) *Kimelea* kisiitwe mdudu katika majibu ya maabara.
(b) *Mwenezi* atajwe pamoja na ugonjwa anaoueneza.
(c) Neno *usugu* lifuatwe daima na maelezo mawili: usugu wa nani, na dhidi ya nini.

Walimu na wafasiri wakiyazingatia hayo matatu, mwananchi atajua lini atundike chandarua, na kwa nini amalize vidonge vyote vya siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya pili.