Mashini ya zamani ya kutoboa chuma: namna ya kuifufua kwa faida ya koperative



Kiangazi ndiyo wakati wa kutengeneza vyombo. Mahindi yako ndani ya gala, mvua itarudi karibu na mwezi wa kumi. Kwa mikutano yetu na makoperative ya pande za Kolwezi, Lubudi na Mutshatsha, swali moja linarudi mara kwa mara: «Kuko mtu anatuuzisha perseze ya zamani, nzito sana, imejaa kutu. Tuinunue ao tuache?»

Swali si dogo. Koperative ikikosa kutoboa chuma sawasawa, nyundo za mashini ya kusaga zinapelekwa mjini, na akina mama wanabaki na mahindi yao siku nyingi bila unga. Lakini koperative ikinunua mashini mbaya, feza za memba zinalala ndani ya kutu. Na mashini nzuri yenye kuwekwa vibaya inaweza kukata vidole vya kijana. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuchagua, kufufua na kuboresha mashini ya namna hii.

Kwa nini ziko nyingi kwetu

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyozaliwa mwaka 1906. Kisha serikali kutwaa mali yake, ikakuja kampuni tunayoijua leo kwa jina la Gécamines. Migodi mikubwa haikuweza kuishi bila ateliye. Kulikuwa na mashini za kutoboa, za kuchonga na za kukata karibu kila kituo, na kule Likasi kulikuwa na ateliye kubwa za Panda.

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilianguka chini ya udongo, na mwaka 1993 kampuni haikufikisha hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wengi walirudi kwenye mashamba.

Hapo kuna mali mbili. Mali ya kwanza ni mashini za zamani zinazotembea kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mali ya pili, na ndiyo kubwa kupita, ni wazee mafundi: ajistere, turnere, elektrisie. Bado wako Kapata, Luilu, Musonoi na vijijini. Mbele ya kutafuta mashini, tafuteni kwanza mzee anayeijua. Mashini inaweza kungoja. Ujuzi wa mzee unaondoka naye.

Kwanza karatasi

Mashini nyingi za zamani zilikuwa mali ya kampuni ao ya serikali. Zingine ziliuzwa kwa haki, zingine zilitoka usiku. Koperative isinunue mashini isiyo na karatasi ya kuuzisha yenye jina la muuzaji, namba ya mashini na sahihi. Bei ya chini bila karatasi ni kesi inayongoja. Kisha kununua, andikeni mashini ndani ya kitabu cha mali ya koperative. Tangu 2012 nchi yetu imo ndani ya OHADA, na sheria yake ya makoperative inataka hesabu na mali zionekane wazi kwa memba wote.

Mambo matano ya kuangalia mbele ya kulipa

1. Ufa. Mwili wa mashini hizi ni chuma cha kumiminwa. Chuma hicho kikipasuka, si kila fundi wa kuunganisha chuma anaweza kukirudisha. Gonga kidogo kwa nyundo ndogo: sauti safi kama kengele ni alama nzuri; sauti ya chungu kilichopasuka ni alama mbaya. Ukiona ufa kwenye kichwa ao chini ya nguzo, acha.

2. Mtikisiko. Shika mandre kwa mkono, isukume mbele na nyuma. Ikicheza kidogo, labda ni rulema tu, na rulema inanunuliwa. Ikicheza sana hata bomba linaloshuka linacheza ndani ya kichwa, chuma chenyewe kimelika. Hiyo ni kazi ya ateliye kubwa.

3. Unyoofu. Funga ndani ya mandre kipande cha chuma kipya kilichonyooka, kizungushe polepole kwa mkono, na weka ncha ya msumari karibu yake. Nafasi kati ya chuma na msumari ikifunguka na kufunga, mandre ao mhimili umepinda. Mandre inabadilishwa, mhimili uliopinda ni gharama.

4. Meza. Kunja waya mgumu, funga mwisho mmoja ndani ya mandre, mwisho mwingine uguse meza. Zungusha kwa mkono. Waya ukigusa fasi nne kwa usawa, meza iko sawa na mhimili. Ukigusa upande mmoja na kuacha mwingine, meza imepinda ao haijafungwa sawa. Jaribio hili halina bei na linasema ukweli kuliko muuzaji.

5. Tundu la mhimili. Mashini kubwa nyingi zina tundu lenye mteremko linaloitwa kona ya Morse, namba 2 ao namba 3. Ikiwa ni safi, bila mikwaruzo mikubwa, mtapata mandre na meshi za kuingia ndani mpaka leo, kwa sababu kipimo hicho hakijabadilika tangu karne ya 19.

Angalieni pia uzito. Mashini ya nguzo inaweza kupita kilo 200. Gari, njia na sakafu ya ateliye ni sehemu ya bei.

Kufungua na kusafisha

Mbele ya kufungua, piga picha kwa simu kila hatua, na weka kila bulo na ekru ndani ya kopo lenye alama. Kamata vizuri springi inayorudisha mkono juu: imefungwa kwa nguvu, ikiachiliwa gafula inakata mkono.

Kutu ya juu inatoka kwa brashi ya waya na mazutu. Kitu kilichokwama kinapewa mafuta mepesi na kungoja usiku mmoja ao mbili. Nyundo inakuja mwisho. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake. Usiisugue ikiwa kavu: ilowanishe, vaa kitambaa cha kuziba pua na mdomo, weka watoto mbali, na usitupe uchafu wake karibu na kisima ao shamba.

Meza yenye mashimo-mashimo ya kazi ya zamani haihitaji kuwa nzuri ya kuangalia. Inatosha kuwa bapa. Ondoa tu vichwa vilivyoinuka kwa tupa.

Rulema, kurwa na mafuta

Rulema, ambazo wengine wanaita beringi, zina namba iliyoandikwa kwenye pete. Namba 6203, 6204 ao 6205 ni namba za dunia nzima. Kwa mfano 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje milimita 47 na unene milimita 14, popote inapotengenezwa. Ndiyo sababu unaweza kuipata hata kwa wauzaji wa vipande vya pikipiki. Zenye alama 2RS zina mfuniko wa mpira pande zote mbili. Ni nzuri kwa vumbi letu.

Usiweke mafuta ya mawese ndani ya rulema ao kwenye mhimili. Mafuta ya mimea yanakauka na kuwa kama gundi. Yanaweza kusaidia kidogo kwenye ncha ya meshi wakati wa kukata, lakini si zaidi. Kwa rulema ni grese. Kwa bomba linaloshuka ni mafuta mepesi ya mashini.

Kurwa yenye kupasuka ibadilishwe. Usiifunge sana: ukiisukuma kwa kidole katikati, inapaswa kushuka kidogo. Kurwa iliyokazwa kupita kiasi inaua rulema mpya.

Kuran

Mashini za migodi zilitumia mara nyingi kuran ya fazi tatu, volti 380. Vijijini na kwenye nyumba nyingi kuna fazi moja tu, volti 220. Soma bamba la mota mbele ya kuamua.

Bamba likisema 220/380, elektrisie anaweza kuweka variateri inayoingiza fazi moja ya 220 na kutoa fazi tatu za 220. Faida ya pili ni kwamba variateri inabadilisha mwendo. Bamba likisema 380/660, variateri hiyo haifai. Basi ni vyema kuweka mota ingine ya fazi moja. Kwa mashini ya kutoboa mpaka milimita 13, mota ya farasi moja inatosha.

Kwa makoperative yenye groupe: mota ikianza kuzunguka inavuta kuran mara tano ao zaidi kuliko ikiwa kazini. Groupe ndogo yenye nguvu sawa na mota haitaiamsha.

Jambo la lazima kwetu: kuran ya SNEL inakatika na kurudi bila kupiga hodi. Mashini ya zamani yenye swichi ya kawaida itaanza yenyewe, na mkono wa mtu uko chini ya meshi. Wekeni kitufe cha kuanzisha na kusimamisha kinachojifungua kuran ikikatika, ili mashini isianze mpaka mtu abonyeze tena. Tena unganisheni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, kwenye mwili wa mashini. Kitufe hiki kinaokoa vidole kuliko kitu chochote kingine ndani ya ukurasa huu.

Mwendo wa meshi

Meshi nyingi zinaungua kwa sababu ya mwendo mkali. Kwa chuma cha kawaida, gawanya 8,000 kwa upana wa meshi kwa milimita. Utapata mizunguko kwa dakika:

- meshi ya 8: karibu 1,000
- meshi ya 10: karibu 800
- meshi ya 13: karibu 600
- meshi ya 20: karibu 400

Kwa chuma kigumu, punguza nusu. Kujua mwendo wa mashini, zidisha mwendo wa mota kwa upana wa puli ya mota, kisha gawanya kwa upana wa puli ya mhimili. Mota ya mizunguko 1,420, puli ya milimita 60 juu ya mota na ya 150 juu ya mhimili: mizunguko 568. Ni sawa kwa meshi ya 13. Andikeni hesabu hizo kwa rangi juu ya kifuniko cha mashini, ili kila mtu azione.

Mfano: nyundo za mashini ya kusaga

Nyundo zikitobolewa kila moja peke yake kwa macho, mashimo hayalingani. Mashini inatetemeka, rulema zinakufa, na nyundo inaweza kukatika ikiwa kwenye mwendo. Fanya hivi: kata vipande vya urefu mmoja, vifunge pamoja ndani ya eto, piga alama kwa pointo, toboa kwanza kwa meshi ya 5, kisha 10, kisha upana unaotakiwa. Pima kila nyundo kwa mizani ya kilo ndogo, na zile zinazoelekeana ziwe na uzito mmoja.

Chuma cha springi ya gari ni kigumu sana kwa meshi. Kichomwe mpaka kiwe chekundu, kizikwe ndani ya majivu kipoe polepole, ndipo kitobolewe. Siku ya kujaribu, mtu asisimame mbele ya mlango wa mashini ya kusaga.

Sheria za ateliye

Chuma kinachotobolewa kifungwe siku zote, kisishikwe kwa mkono. Miwani ya macho ni lazima. Ganti, kitambaa cha shingo, mikono mirefu ya shati na nywele ndefu zisizofungwa ni marufuku karibu na mashini inayozunguka: meshi inavuta kitambaa mbele mtu hajaita. Ufunguo wa mandre utoke kabla ya kuanzisha. Puli na kurwa ziwe na kifuniko. Mashini nyingi za zamani hazikuwa nacho, na bati la kukunja linatosha.

Nani atachunga?

Mashini ya watu wote bila mchungaji inarudi kuwa kutu. Chagueni watu wawili: mzee fundi na kijana, mwanamume ao mwanamke, anayejifunza kwake. Wao wawili tu ndio wenye ufunguo. Wawe na daftari: siku, kazi, nani aliyeitumia, kilichovunjika. Memba walipe bei ndogo, watu wa nje bei ya kawaida, na sehemu ya feza ibaki kwa kununua meshi, rulema na kurwa.

Kama mashini mliyoonyeshwa imekosa karatasi, ao ina ufa, semeni hapana bila haya. Nyingine itapatikana. Na kama imepita majaribio yote, ianzeni sasa, mbele mvua haijafika, ili mashini ya kusaga iwe tayari siku mahindi mapya yataingia.