Namba Tasa (2): Namba 4,294,967,297 na Dai la Fermat

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Leo tuitazame 4,294,967,297, iliyodhaniwa kuwa tasa kwa takriban miaka tisini kwa sababu tu ndugu zake wadogo ni tasa. Ndugu hao hupatikana kwa kupandisha 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kujumlisha 1: yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mnamo 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliandika kwamba anaamini namba zote za ukoo huu ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Kipeo kinachofuata, 32, ndicho kinachozaa namba yetu.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Asiyejua pa kuanzia angelazimika kupitia namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542. Lakini Euler alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, huacha baki ya 1. Sharti hilo moja hufagia karibu orodha yote. Zinazobaki mwanzoni ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu, na dai la Fermat limeanguka!

Huenda msomaji akauliza: hoja hizi zina haja gani leo, wakati kompyuta hugawanya namba kama hii kufumba na kufumbua? Kwa namba hii, kweli. Lakini panda hadi kipeo cha 1,048,576. Namba inayopatikana ina tarakimu 315,653, na tangu 1987 imethibitishwa kwamba si tasa, ilhali hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Kompyuta ilifanya kazi kubwa, lakini ilifuata kipimo alichokibuni mwanahisabati Pépin mwaka 1877, kinachotenganisha tasa na isiyo tasa bila kutafuta kigawo. Mgawanyo wa kujaribu namba mojamoja usingetufikisha hapo.

Wengine husema basi Fermat alikosea kabisa, na baada ya 65,537 hakuna tasa nyingine katika ukoo huu. Ni kweli kwamba namba 28 zinazofuata, kuanzia hiyo yetu, zote zimeonekana si tasa. Lakini anayehitimisha kwa ushahidi huo anarudia hatua ileile ya Fermat, tofauti ikiwa yeye anategemea mifano 28 badala ya mitano. Hakuna aliyethibitisha kwamba tasa ya sita haipo, na namba inayofuata hizo 28 bado haijaamuliwa iko upande upi.