Usile mtaji kwa spika tano: sauti ya nyuma imo ndani ya stirio yako

KAMBI ya Mtabila mkoani Kigoma ilipofungwa Desemba 2012, kila familia ilichagua cha kubeba. Sisi tulirudi Burundi na magodoro, masufuria na redio kaseti moja kubwa yenye maikrofoni mbili ndogo, moja kila pembe. Katika mfuko wa kaseti mlikuwa na moja niliyoiandika kwa kalamu: "Kwaya, 2004". Marehemu mama yangu anaimba humo, lakini kwa miaka yote hiyo sikuweza kuitambua sauti yake katikati ya wenzake.

Kilichonifanya niitoe tena kaseti hiyo ni shemeji yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa mpakani. Huvusha mawese kutoka Nyanza-Lac hadi Manyovu, na kurudi na vitenge na vyombo vya plastiki. Jioni moja alifika kwangu Mabanda akiwa na furaha.

"Mwalimu, ng'ambo nimeona seti ya spika tano," alisema. "Muziki unakuzunguka kama umekaa ndani ya kanisa. Safari ijayo naichukua."

Nilimuuliza bei. Ilikuwa karibu nusu ya mtaji wake.

"Shemeji, nipe wiki mbili," nilimwambia. "Amplifaya unayo, na spika mbili nzuri unazo. Hiyo sauti ya nyuma imo tayari humo, ila haina mlango wa kutokea."

Alicheka, akadhani namtania. Ndugu msomaji, sikuwa natania.

Daftari mbili za wabia

Stirio ina njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Zifikirie kama daftari mbili za wabia wawili wa duka moja. Yale yaliyoandikwa sawasawa katika daftari zote mbili ndiyo unayoyasikia katikati: mara nyingi sauti ya mwimbaji kiongozi, besi na ngoma kubwa. Yale yanayotofautiana ni vyombo vya pembeni, makofi ya watu, na mwangwi wa ukumbi unaorudi kutoka ukutani na darini.

Sasa chukua daftari moja ulitoe kwa jingine. Yanayofanana yanafutana. Kinachobaki ni tofauti tu, na ndani ya tofauti hiyo ndimo ukumbi ulimojificha. Ukiipeleka tofauti hiyo kwenye spika zilizo nyuma ya msikilizaji, chumba kinapanuka masikioni mwake.

Njia hii si ya kubuni kwangu. Aliyeieneza ni Mmarekani David Hafler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Dynaco, karibu na mwaka 1970. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine nyingine wala umeme wa ziada, ni spika na waya tu. Hata mfumo wa Dolby Surround wa majumbani, uliotoka mwaka 1982, ulijengwa juu ya wazo hilo hilo la kutoa njia moja kwa nyingine. Na ile seti ya spika tano aliyoiona shemeji, ukiiwekea kaseti inapokea njia mbili tu. Sauti ya nyuma inaitengeneza yenyewe kutokana na hizo mbili.

Kosa lililonigharimu

Kabla ya kueleza namna ya kuunga, acha nikiri kosa langu. Mara ya kwanza kujaribu jambo hili nilitumia redio ya gari, kama wengi wetu tunavyofanya nyumbani kwa betri ya sola. Niliunga spika ya tatu, nikawasha, nikaongeza sauti. Baada ya dakika chache nilisikia harufu ya kuungua, na redio ikanyamaza moja kwa moja. Ilinibidi ninunue nyingine.

Sababu niliijua baadaye. Redio nyingi za magari, na amplifaya nyingi ndogo za kisasa, zina waya mbili za kila spika ambazo zote zinasukuma sauti. Waya wa alama ya kutoa haukuungwa na ardhi ya mashine. Mashine za namna hiyo hazifai kabisa kwa kazi hii.

Kwa hiyo pima kwanza. Zima amplifaya, chomoa umeme, ondoa waya za spika. Chukua mita ya fundi, iweke kwenye kipimo cha omu. Gusa tundu jeusi la spika ya kushoto na lile jeusi la kulia: isome karibu na sifuri. Kisha gusa kila tundu jeusi na pete ya nje ya tundu la kuingizia sauti kutoka kwenye deki: nayo isome karibu na sifuri. Kama moja tu ya hizo haisomi hivyo, au nyuma ya mashine pameandikwa BTL, acha. Kama huna mita, mpelekee fundi redio.

Mfanyabiashara anayenunua amplifaya za mtumba afanye kipimo hiki hapo hapo sokoni, kabla hajatoa pesa.

Namna ya kuunga

Spika zako mbili za mbele ziache kama zilivyo. Tafuta spika mbili ndogo zinazofanana, za omu 8 kila moja. Si lazima ziwe na besi. Nilizompatia shemeji zilitoka kwenye redio mbovu mbili.

Waya kutoka tundu jekundu la kushoto la amplifaya uende kwenye alama ya kujumlisha ya spika ya nyuma kushoto. Waya kutoka tundu jekundu la kulia uende kwenye alama ya kujumlisha ya spika ya nyuma kulia. Kisha unga alama za kutoa za spika hizo mbili pamoja, zenyewe kwa zenyewe. Zisiungwe na tundu jeusi lolote. Basi, kazi imekwisha.

Kwa nini mbili na si moja? Spika mbili za omu 8 zilizofuatana hivyo zinakuwa omu 16, na amplifaya inabeba mzigo mwepesi. Ukiweka moja tu ya omu 8, kuna sehemu za muziki ambapo kila upande wa amplifaya utaona mzigo wa chini ya omu 3, na mashine nyingi zitachemka. Hata kwa spika mbili mzigo unaweza kushuka hadi omu 4 kama zile za mbele ni za omu 8. Soma nyuma ya amplifaya yako kama inaruhusu omu 4. Kama spika za mbele ni za omu 4, usijaribu.

Zikipiga kelele kupita kiasi, weka rezista ya omu 10 yenye wati 5 au 10 katika mojawapo ya waya zake. Ukizisikia waziwazi kuwa zinaimba nyuma yako, ujue umezidisha. Zinatakiwa zitambulike pale tu unapozikata.

Pa kuziweka napo ni muhimu. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti moja ikitufikia mara mbili kwa kupishana kidogo sana, sikio huifuata ile iliyotangulia na kudhani yote imetoka huko. Kwa hiyo sauti ya nyuma ichelewe kidogo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani mita 3 huzipita kwa muda unaokaribia sehemu 9 za elfu moja za sekunde. Weka spika za nyuma mbali na kichwa chako, juu, na uzielekeze ukutani badala ya masikioni.

Kipi kitasikika, kipi hakitasikika

Usishangae taarifa ya habari ikikosa sauti nyuma. Msomaji mmoja aliye katikati yuko sawa katika njia zote mbili, kwa hiyo anafutika. Vivyo hivyo kwa masafa mafupi na kwa rekodi zote za njia moja.

FM ya stirio hufanya kazi, lakini kituo cha ng'ambo kinachoshika kwa shida kitaleta mvumo mwingi nyuma, kwa kuwa ile tofauti ya njia mbili ndiyo inayochafuka kwanza mawimbi yakiwa hafifu. Nyimbo za simu zilizobanwa sana zitatoa sauti kama ya maji yanayozunguka. CD halisi na kaseti safi ndizo zinazopendeza. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kwanza.

Sauti ya pembeni

Siku ya kujaribu tulianza na CD ya shemeji. Aliposikia makofi yakitoka nyuma yake aligeuka kutazama mlango. Kisha nikaleta deki yangu na ile kaseti ya mwaka 2004.

Iliporekodiwa, redio iliwekwa juu ya kiti mbele ya kwaya, na zile maikrofoni mbili za pembe zikanasa kila moja upande wake. Kanisa lile la udongo na bati tuliliacha Mtabila. Sasa lilirudi chumbani kwangu: makofi yakigonga bati, benchi likisogezwa, mtoto akikohoa kwa mbali.

Kwa udadisi nilichomoa spika za mbele, zikabaki za nyuma peke yake. Mwimbaji kiongozi, aliyesimama katikati, alififia karibu kabisa. Aliyebaki wazi ni mwanamke mmoja aliyekuwa mwisho wa mstari, upande wa kulia. Nilimjua kabla hajamaliza ubeti. Mama alikuwa akisimama pembeni siku zote ili aweze kutoka haraka kumnyonyesha mdogo wetu.

Shemeji hakusema neno. Aliirudisha kaseti nyuma mwenyewe, tukasikiliza tena.

Ndugu zangu mliorudi na kaseti za kambini, hapa ndipo nina ombi. Wengi wetu tunazipeleka dukani zihamishiwe kwenye simu kabla hazijaoza, na ni vizuri. Lakini mwambie anayenakili atumie waya wa njia mbili na ahifadhi kwa stirio, bila kuibana sana. Akichanganya njia mbili kuwa moja, hakuna fundi atakayeweza kuzitenganisha tena, na aliyesimama pembeni atakuwa amepotelea humo.

Shemeji naye hakununua seti ya spika tano. Wiki iliyofuata alivuka Manyovu na mawese yake kama kawaida. Aliporudi aliniletea mita ya fundi.

"Mwalimu," alisema, "wenzangu sokoni nao wana kaseti."