Video ya mazishi iliyokataa kufunguka: namna ya kupunguza uzito wa video za kanisa



Mwaka jana tulizika mama mzee wa kanisa letu. Binti yake anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na hakuweza kuvuka mpaka. Aliomba kitu kimoja tu: aone mama yake akishushwa kaburini na asikie maombi. Kijana mmoja wa kwaya alichukua video ya dakika 12 kwa simu nzuri, nami nikaituma jioni ile ile. Ilikuwa na uzito wa giga 1.4. Yule binti alinunua mega mara mbili, zikaisha zote, na video haikufika hata nusu. Siku ya tatu aliniandikia: “Mchungaji, nisamehe, nimeshindwa.” Lakini mimi ndiye niliyepaswa kuomba msamaha.

Tangu siku ile nimejifunza kazi hii, na ninataka kila kanisa liwe na mtu mmoja anayeijua.

Uzito unatoka wapi?

Kila sekunde, simu inaandika kiasi fulani cha habari za picha na sauti. Kiasi hicho huitwa bitireti, na hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Zidisha bitireti kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8: utapata kilobaiti. Simu yetu iliandika kilobiti 16,000 hivi kila sekunde. Dakika 12 ni sekunde 720. Fanya hesabu, utaona giga 1.4 imetoka wapi.

Programu ninayotumia ni HandBrake. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux. Fungua video ndani yake, kisha tengeneza mambo manne.

1. Ukubwa wa picha. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli mara 9 kuliko ya 640 kwa 360. Mtu anayetazama kwenye simu ndogo anatosheka na 640 kwa 360. Kama video itaonyeshwa ukutani mbele ya watu, chagua 1280 kwa 720.

2. Kodeki. Hii ndiyo njia ya kufunga picha. H.265 ni mpya zaidi, nayo hutoa faili ndogo kuliko H.264 kwa ubora unaokaribiana. Lakini simu nyingi za zamani haziifungui vizuri. Kwa waamini wetu, chagua H.264 na faili ya MP4. Faili ndogo isiyofunguka haimsaidii mtu.

3. Ubora au bitireti. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni RF: namba ikipanda, faili inapungua na ubora unashuka. Kwa picha ya 720, namba kati ya 19 na 23 inafaa, lakini hutajua uzito wa faili mpaka kazi iishe. Njia ya pili ni kuweka bitireti ya wastani. Unapohesabu mega za mwenzako, tumia hii ya pili. Kilobiti 400 zinatosha kwa picha ya 640 kwa 360 isiyo na mwendo mwingi.

4. Sauti. Wengi wanaisahau. Sauti ya mtu mmoja anayehubiri haihitaji stereo. Weka AAC, mono, kilobiti 48 au 64. Kwa kwaya, acha stereo na upandishe hadi 128, maana nyimbo zikibanwa sana zinaumiza masikio.

Kabla ya kufunga video yote, jaribu sekunde 60 tu. HandBrake inakuruhusu kuchagua kipande. Tazama kipande hicho kwenye simu ya bei ndogo kabisa iliyopo kanisani, si kwenye kompyuta yako.

Mambo mawili ya kuangalia. Usifute video ya kwanza, maana ubora uliotolewa haurudi. Na usifunge tena faili iliyokwisha kufungwa, rudi kwenye ile ya kwanza. Pia, unapotuma kwa WhatsApp, itume kama dokima, ili isibanwe mara ya pili.

Na mahubiri ya siku ya Mungu? Mara nyingi sauti peke yake inatosha. Mahubiri ya dakika 40 kwa MP3, mono, kilobiti 64, ni mega 19 tu.

Video yetu ya mazishi niliifunga upya: picha kilobiti 400, sauti 48. Ikawa na mega 40. Yule binti aliipokea usiku huo, akaitazama pamoja na majirani zake. Nyuso hazikuwa safi sana, lakini alisikia kila neno la maombi.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba maneno matano yanayoeleweka ni bora kuliko maelfu yasiyoeleweka. Sisi tunapenda kutuma kikubwa na kizuri. Tuulize kwanza anayepokea ana nini mkononi: simu gani, mega ngapi, umeme wa saa ngapi. Huko nako ni kumpenda jirani.

Bwana awabariki.