Uhunzi wa Visu (2): Moto Ndio Mtaji

Wiki iliyopita tuliizungukia karakana: fuawe, koleo, nyundo, na mivukuto ambayo mafundi wengi wameiacha wakatumia feni. Leo tunafika kwenye swali linalomsumbua kila kijana anayetaka kula kwa jasho la uhunzi. Panga la kiwandani limejaa madukani, tena kwa bei ambayo mfuaji wa mkono haiwezi. Mteja aje kwako kufuata nini? Jibu halimo katika umbo la kisu. Limo katika dakika chache za moto ambazo mnunuzi hazishuhudii.

Tuanze na chuma chenyewe. Wahaya wa Kagera na Wafipa wa Rukwa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa matanuri yao wenyewe; mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliyaeleza matanuri ya Wahaya katika jarida la Science. Majembe ya kigeni na vyuma chakavu vilipoenea, uyeyushaji ulikufa. Mhunzi hakufa nao, kwa kuwa yeye hufua chochote kinachomfikia. Hata sime za Wamasai, nyingi zimezaliwa na springi za magari na tupa zilizochakaa.

Lakini chakavu hutofautiana. Nondo ya ujenzi kwa kawaida ina kaboni isiyofika asilimia 0.3. Kisu chake kitapendeza na kitakata leo. Kesho ni butu. Springi ya lori huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kushika ugumu. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo, kichome hadi kiwe chekundu, kichovye, kisha kipitishie tupa. Tupa ikiteleza, umepata chuma cha kisu. Iking'ata, kitafutie kazi nyingine.

Kisu kikishafuliwa na kusawazishwa, ndipo mtihani unapoanza. Kichome huku ukikigusisha sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, sumaku haikishiki tena. Ongeza moto kidogo, hadi kama 830 kwa chuma cha springi, kaboni ipate kuyeyukia ndani yake. Mhunzi huupima moto huu kwa rangi, na ndiyo sababu hufanya kazi kivulini: juani wekundu huonekana hafifu, fundi akazidi kuchochea. Chuma kilichozidishiwa moto chembe zake hukua, na kisu hukatika kama muwa.

Hapo hapo kichovye katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Maji hupoza kwa ghafla mno, na chuma cha springi huweza kupasuka. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu. Vilevile usitie motoni chuma kilichopakwa zinki.

Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu lakini hakina ustahimilivu. Kikianguka sakafuni huweza kuvunjika. Kirudishe katika joto la upole, nyuzi 200 hivi, kwa saa moja au mbili. Tanuri la mikate linatosha. Ukiwa umekisugua kwa msasa hadi king'ae, utaona rangi ya majani makavu ikitanda kwenye bapa. Hapo kisu cha jikoni kimeiva. Panga na shoka, kwa kuwa hupiga, huhitaji joto zaidi, hadi rangi ikaribie zambarau: ugumu unapungua kidogo, uvumilivu unaongezeka.

Sasa turudi sokoni. Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa visu, methali hii huchelewa kutimia, kwani kisu cha nondo na cha springi vikilazwa mezani vinafanana. Chama cha wafua visu cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1976, kiliona tatizo hilo. Mwanagenzi anayetaka kupanda daraja hutakiwa, kwa kisu kimoja, kukata kwa pigo moja kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia, kukatakata ubao wa mbili kwa nne mara mbili, kisha kunyoa nywele kwa makali hayo hayo. Mwisho kisu hubanwa kwenye jiliwa na kukunjwa nyuzi 90, nacho kisivunjike. Huhitaji cheti cha Marekani kuuiga mtihani huu. Toa kisu kimoja kafara, ukijaribu mbele ya wateja, na uahidi kubadilisha kitakachomeguka.

Usishindane na kiwanda katika panga. Mgema anataka kotama inayolingana na mkono wake, fundi wa majahazi anataka tezo, muuza nyama anataka kisu kinachovumilia kunolewa kila siku. Hawa hurudi, na huletana. Katika bei yako hesabu chuma, mkaa, tupa, saa zako na visu vilivyopasuka kwenye mafuta, maana navyo vimekula mkaa. Fundi asiyevihesabu huuza kwa hasara akidhani anapata faida.

Wiki ijayo: msuka, mpini na ala.