Tundu Katika Jicho: Je, Laweza Kupona Bila Kisu?

Wale waliohudhuria mchezo wa mpira wa mwaka jana, baina ya wanafunzi na sisi tuliosoma hapa zamani, watakumbuka kwamba nilitolewa uwanjani nikiwa nimeshika jicho la kushoto. Mpira ulipigwa karibu sana, nami sikuwahi kugeuza uso. Kijana aliyeupiga ameniuliza mara nyingi kama amenipofusha. Makala haya ni jibu langu kwake, na ni maelezo kwa wengine pia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Wandegeya nikingoja taksi. Nilifumba jicho la kulia, na kumbe nguzo ya umeme iliyo mbele yangu imepinda! Nikatazama kibao cha duka: herufi za pembeni niliziona, lakini za katikati zilikuwa zimetoweka. Sikuwa na maumivu hata kidogo, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtu asiyeumwa hudhani kwamba hana ugonjwa. Jirani yangu, kwa wema wake, aliniletea maji ya majani fulani nitie jichoni. Nilimshukuru, nikayaweka kando, nikaenda kwa daktari wa macho.

Daktari alinieleza hivi. Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea picha kama filamu katika kamera. Katikati ya utando huo pana mahali padogo paitwapo makula. Hapo ndipo tunapotumia kusomea, kutambua nyuso za watu, na kutunga uzi katika sindano. Mbele ya retina jicho limejaa ute mzito kama ute wa yai. Mtu akizeeka, ute huo hunywea na kuivuta makula, na pengine huitoboa. Kwa hiyo ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita miaka 60, na wanawake kuliko wanaume. Lakini kijana naye aweza kutobolewa makula kwa pigo la mpira au ngumi, kwa maana jicho hubonyea ghafula na utando ukavutika mpaka ukachanika.

Zamani tundu hili lilihesabiwa kuwa halina dawa. Mwaka 1991 madaktari wawili wa Marekani, Kelly na Wendel, walitangaza kwamba wameweza kuyaziba baadhi ya matundu hayo kwa kuutoa ute na kutia gesi jichoni. Siku hizi upasuaji huo hufaulu mara nyingi sana.

Basi, je, hapana njia isiyo ya kisu? Zipo, lakini kila moja ina mipaka yake. Kuna matone ya kupunguza uvimbe, ambayo pengine husaidia tundu dogo lenye kingo zilizojaa maji. Kuna sindano ya gesi peke yake: povu lake huuachanisha ute na makula. Mwenye gesi jichoni hana ruhusa kupanda ndege, wala kusafiri kutoka Kampala hadi milima ya Kabale, kwa kuwa gesi hutanuka mahali pa juu na kuliumiza jicho. Tena palikuwa na dawa ya sindano iitwayo okriplasmini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2012. Katika majaribio iliziba matundu kama 40 katika kila 100, lakini haikudumu sokoni.

Njia niliyopewa mimi ilikuwa kungoja. Tundu langu lilikuwa dogo, halikufika robo ya milimita, na matundu ya vijana yatokanayo na pigo mara nyingi hujifunga yenyewe katika majuma au miezi michache. Lakini kungoja huku si kukaa bure. Kila mara nilirudi hospitali kupigwa picha ya retina, na nyumbani nilitazama karatasi yenye mistari ya miraba, jicho moja moja. Kama tundu lisingejifunga, ningepasuliwa.

Mwezi wa kwanza halikubadilika, nami nilikosa usingizi. Mwezi wa tatu picha ilionyesha kingo zimekutana. Leo nasoma gazeti kwa jicho lile, ijapokuwa mstari mmoja ungali na kipindo kidogo.

Ndugu wanafunzi, fumbeni jicho moja, kisha la pili, mkatazame fremu ya mlango. Ikipinda, nendeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Wala msilikodolee macho jua, hata wakati wa kupatwa kwake, kwa kuwa nalo huichoma makula.

Nawe kijana, hukunipofusha. Endelea kupiga mpira wako kwa nguvu. Mimi nitasimama mbali kidogo.