Seva ya faili iliyozeeka: Nakala kwanza, kisha toleo baada ya toleo

CHAMA cha ushirika kilichoko Ronge, eneobunge la Mwatate katika kaunti ya Taita Taveta, kinaweza kutunza stakabadhi zake bila kukodi nafasi kwa kampuni ya ng'ambo. Kinachohitajika ni tarakilishi moja inayowashwa muda wote, yaani seva, pamoja na programu isiyolipiwa kama vile Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016, au ownCloud iliyoitangulia mwaka 2010.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama yake. Mwenye seva ndiye fundi na ndiye mlinzi. Novemba 2023 ilitangazwa dosari katika kijalizo kimoja cha ownCloud, iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari yake. Katika baadhi ya seva, dosari hiyo ilimwezesha mtu aliye mbali kusoma nywila ya msimamizi.

Sheria nayo haimsamehe mzembe. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikivuja na kuwatia hatarini, mwenye kuzitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu atambue.

Mbona basi wengi huchelea kusasisha? Sababu ni kwamba seva ya aina hii ina sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni faili zenyewe. Ya pili ni hifadhidata, ambayo ni mfano wa daftari la karani: huonyesha faili ni ya nani, nani ameruhusiwa kuisoma na lini ilibadilishwa. Daftari likipotea, faili zaweza kubaki kwenye diski, lakini mpangilio na ruhusa zake hutoweka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuiweka programu katika hali ya matengenezo ili mtu yeyote asiandike kitu. Kisha hunakiliwa, kwa wakati mmoja, faili zote, hifadhidata na faili ya mipangilio. Hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, ilhali ndiyo yenye siri zinazotumiwa kuhakiki nywila za watumiaji. Nakala hizo ziwekwe kwenye diski nyingine, nje ya seva.

Hatua ya pili ni kuijaribu nakala. Ifufuliwe kwenye tarakilishi nyingine na kufunguliwa. Nakala ambayo haijawahi kufufuliwa ni matumaini tu.

Hatua ya tatu ni kupanda ngazi kwa ngazi. Nextcloud hairuhusu kuruka toleo kuu: aliye kwenye toleo la 23 hupitia la 24 na la 25 ndipo afike la 26. MySQL nayo iliwataka waliokuwa na toleo la 5.6 kupitia 5.7 kabla ya kufika 8.0.

Lugha ya PHP, inayoiendesha programu hiyo, sharti iende sambamba. Nextcloud 25 ilikubali PHP 7.4, lakini 26 iliikataa. Mwenye kuharakisha PHP kabla ya wakati wake huikuta programu ya zamani imegoma. Mwenye kuichelewesha hukwama njiani. Waundaji waliacha kuitengeneza PHP 7.4 Novemba 2022, na MySQL 5.7 Oktoba 2023.

Katika kila ngazi majedwali ya hifadhidata hubadilishwa umbo. Umeme ukikatika wakati huo, yaweza kubaki nusu ya zamani na nusu mapya. Kwa sababu hiyo ni busara seva iunganishwe na betri ya akiba, na nakala mpya ichukuliwe kabla ya kila ngazi.

Aliyesasisha kila toleo linapotoka hupanda ngazi moja tu. Aliyengoja miaka mitano huzipanda zote kwa mkupuo. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.